Mwalimu Naye Atunge

Karibu kila shule ya msingi ina daftari ambamo mwalimu wa zamu huandika habari za siku. Humo hutiwa idadi ya wanafunzi waliohudhuria, walimu waliopo na wasiokuwapo, hali ya usafi, vipindi vilivyofundishwa na vilivyopotea, wageni waliofika, na mwisho wa yote sahihi. Ni daftari la maana, wala hatuna nia ya kulidharau. Lakini mtu akilisoma ukurasa baada ya ukurasa atajua karibu kila jambo lililotokea shuleni isipokuwa moja, nalo ni hali ya mwalimu aliyekuwa akiandika. Huenda siku ile alikuwa amepata habari ya msiba wa kwao. Huenda alikuwa amesimama mbele ya watoto 80 tangu asubuhi akiwa na homa. Huenda, kinyume chake, ilikuwa siku ya furaha kubwa, maana mtoto aliyeshindwa kusoma tangu mwaka uanze alikuwa amesoma sentensi yake ya kwanza. Daftari litasema tu kwamba siku ilikwisha salama.

Madhumuni ya makala haya ni kutoa rai kwamba walimu, na hasa ninyi mnaojiandaa kuingia kazini, wawe na desturi ya kukutana katika vikundi vidogo na kuandika kwa ajili ya nafsi zao na kwa ajili ya heri ya mahali pao pa kazi. Mikutano ya namna hii siku hizi huitwa warsha za uandishi. Sisi twapenda kuiita baraza la kalamu. Twaamini kwamba baraza hilo lina faida. Twaamini pia kwamba laweza kudhuru lisipowekewa mipaka, na mipaka hiyo ndiyo hasa tunayotaka kuizungumza nanyi.

Kosa letu wenyewe

Tuanze kwa kukiri kosa, ili msomaji asidhani kwamba twahubiri tukiwa juu ya dungu. Mwaka mmoja tulikwenda upande wa Mandawa kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mahindi yalikuwa yakikomaa, na njia zilikuwa na matope. Mwanachuo mmoja, aliyepangiwa shule ya mbali na barabara kuu, alitukabidhi daftari lake la maandalio ya masomo. Maandalio yalikuwa safi: malengo, zana, hatua za somo, tathmini, kila kitu mahali pake. Tulipofika kurasa za mwisho tukakuta maandishi ya penseli ambayo hayakuwa maandalio. Alikuwa ameandika habari za usiku wa pale kijijini. Alieleza jinsi walinzi wa mashamba walivyokuwa wakipiga madebe huku na huku katika madungu yao ili kufukuza nguruwe, na jinsi yeye alivyolala macho akizihesabu sauti zile. Mwishoni alisema kwamba aliwaonea wivu walinzi wale, kwa kuwa wao walijua wanalinda nini.

Sisi tulifanya nini? Tulitoa kalamu nyekundu. Tulisahihisha mahali alipoandika "r" badala ya "l", tukayatenganisha maneno mawili yaliyoungana, tukaipigia mstari sentensi moja ndefu, na pembeni tukaandika: "Fupisha. Hii si sehemu ya andalio." Kisha tukamrudishia daftari lake. Mwanachuo alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwalimu." Wiki mbili baadaye tulipokwenda tena, ukurasa ule haukuwapo. Ulikuwa umechanwa kwa uangalifu, umebaki ukingo mwembamba tu penye uzi wa daftari.

Kila tulichokisahihisha kilikuwa kosa la kweli, na hapo ndipo penye fundisho. Kijana alikuwa ametuambia jambo, nasi tukamjibu tahajia. Hatukumwuliza alikuwa akila nini, wala alilala wapi, wala kama alikuwa na mtu wa kuzungumza naye baada ya jua kuchwa. Twalitaja jambo hili kwa sababu hatudhani kwamba limetupata sisi peke yetu. Mafunzo yetu ya utungaji yametuzoesha kuiona kila karatasi iliyoandikwa kuwa ni kazi ya kutiwa alama. Mwalimu huwafundisha watoto kutunga kwa miaka 30, na katika miaka yote hiyo yeye mwenyewe hajatunga hata ukurasa mmoja usiokuwa taarifa. Wahenga walikwisha kusema kwamba kinyozi hajinyoi. Lakini hawakusema kwamba haimpasi kutafuta mwenziwe wa kumnyoa.

Nchi yenye hesabu nyingi na habari chache

Mandawa imo katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Na Ruangwa yenyewe zamani ilikuwa sehemu ya Nachingwea. Ni nchi ya korosho, ufuta na mbaazi. Wenyeji wake wengi ni Wamwera, wakichanganyika na Wamakonde, Wayao na wengineo. Mwalimu anayepelekwa huko aghalabu hutoka mkoa mwingine. Huwakuta watu wakarimu, lakini watu wenye mambo yao: msimu wa kulinda mashamba, msimu wa mavuno, msimu wa jando na unyago, na kila msimu una athari zake katika mahudhurio darasani. Mgeni asipoeleweshwa mambo haya hudhani kwamba wazazi hawaipendi shule, na wazazi nao hudhani kwamba mwalimu hawapendi wao. Chuki za namna hii huanza kwa kutojua, kisha hukomaa kwa kunyamaza.

Historia ya sehemu hizi yatuonyesha jinsi maandishi ya ofisi yanavyoweza kuwa mengi na bado yakapungukiwa na jambo kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, nao ukafanyika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matingatinga yaliletwa, misitu ikafyekwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa kwa hasara ya mamilioni ya paundi, na baadaye hata reli ikang'olewa. Hesabu za mashine, za ekari na za fedha zimo katika vitabu, na wataalamu wanaendelea kuzichambua. Lakini kijana aliyetoka kijijini kwenda kung'oa visiki, akapewa mshahara wake wa kwanza, kisha siku moja akaambiwa kazi imekwisha, yeye aliona nini moyoni? Habari za namna hiyo zilibaki zaidi vinywani mwa wazee, na wazee wenyewe wanazidi kututoka.

Hatulinganishi mwalimu na kibarua wa karanga ili kutia chumvi. Twasema tu kwamba kazi yoyote inayoandikwa kwa hesabu peke yake huwasahau wanaoifanya, na kazi ya ualimu leo ina hesabu nyingi: asilimia za ufaulu, idadi ya utoro, uwiano wa madawati na vitabu. Mwalimu anapojiona yu ndani ya hesabu hizo tu, huanza kujidhania kuwa naye ni tarakimu.

Jambo hili si geni kwetu

Wapo watakaosema kwamba kuandika ili kuituliza nafsi ni desturi ya kigeni. Hatukubaliani nao. Mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Naye alikuwa akitayarisha safari yake mwenyewe huku akimfunza mwanawe namna ya kuishi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi. Hakusubiri apate nafasi na raha ndipo aandike. Alipofiwa na mkewe Amina alitunga shairi la kumlilia. Aliwatungia watoto wake tenzi, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Aliandika habari za maisha yake na za kazi yake. Na kwa miaka mingi alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge barua ambazo sasa zimechapishwa kuwa kitabu. Huyu alikuwa mtu mwenye saa za ofisi, mwenye kuhamishwa, mwenye wakubwa juu yake, kama mwalimu alivyo. Kalamu ilikuwa chombo chake cha kazi mchana, na jioni ikawa rafiki yake.

Tena mwalimu wa kijijini amekuwa mwandishi wa wengine kwa muda mrefu. Kabla ya simu za mkononi kuenea, ni nani aliyewaandikia wazee barua kwa watoto wao waliokwenda Dar es Salaam? Aghalabu alikuwa mwalimu. Mama aliketi juu ya kigoda, akasema maneno yake kwa machozi, na mwalimu akayatia katika karatasi, akamsomea, na mama akaondoka akiwa amepata nafuu hata kabla barua haijafika posta. Walimu wengi wa zamani waliiona nafuu ile kwa macho yao. Wachache waliojiuliza kama wao pia wangeweza kuipata.

Utafiti wasemaje?

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenziwe Sandra Beall, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo limerudiwa mara nyingi tangu hapo. Waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika juu ya mambo ya kawaida, na wengine juu ya mambo mazito yaliyowahi kuwapata. Wale walioandika mambo mazito, wakieleza yaliyotokea pamoja na walivyoyaona moyoni, walikuwa na huzuni zaidi mara baada ya kuandika. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache zaidi kuliko wenzao. Mwaka 1994 Pennebaker na wenzake wengine walichapisha utafiti juu ya wataalamu waliopoteza kazi. Waliopewa nafasi ya kuandika mawazo yao juu ya msiba ule walipata kazi mpya mapema kuliko wasioandika.

Hata hivyo tusitie chumvi. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alizikusanya tafiti 146 za aina hii, akaona kwamba faida ipo kweli, lakini kwa wastani ni ndogo. Basi anayewaambia kwamba kuandika ni dawa ya kila ugonjwa anawadanganya. Kuandika ni kama kufungua dirisha katika chumba chenye moshi. Moshi hupungua, mtu hupumua, na huweza kuona mahali moto unapowaka. Lakini dirisha halizimi moto.

Hapa nchini tunao mfano mwingine, ambao wakamilisha ule wa kwanza. Mwaka 1996 wataalamu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Penina Mlama, walianzisha mpango uitwao Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana waliyatafuta wenyewe mambo yanayowazuia kusoma, wakayajadili, wakayageuza kuwa michezo ya kuigiza na nyimbo, kisha wakayaonyesha mbele ya wenzao, walimu na viongozi. Baadaye shirika la FAWE liliueneza mpango huo katika nchi nyingine za Afrika. Jina lake lina uzito. Halikuwa "Tutulie," wala "Tusahau," bali "Tuseme". Na waliosema walikuwa wakisema ili jambo litendeke. Utafiti wa kwanza watuonyesha faida ya kuandika kwa ajili ya moyo. Mpango wa Tuseme watuonyesha faida ya kusema kwa ajili ya haki. Mwalimu anazihitaji zote mbili, lakini akizichanganya atazikosa zote mbili.

Kurasa tatu

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila mwalimu azitambue kurasa tatu, na kila aandikapo ajiulize yuko katika ukurasa upi.

Ukurasa wa kwanza ni wa mwandishi peke yake. Huo hausomwi na mtu, haukaguliwi, hautiwi alama. Humo mwalimu aweza kuandika hofu yake, hasira yake, upweke wake, hata mawazo anayoyaonea aibu. Akitaka auhifadhi, akitaka auchome. Ukurasa tulioutia wino mwekundu kule Mandawa ulikuwa wa namna hii, nasi tuliingia humo bila kubisha hodi.

Ukurasa wa pili ni wa baraza. Huo huandikwa kwa nia ya kusomewa wenzake wachache wanaoaminiana. Mwandishi huchagua cha kusema na cha kuficha. Hutafuta mfano, huweka mpangilio, huchekesha akitaka. Hapa ndipo ubunifu unapofanya kazi yake, maana jambo lililotungwa vizuri huweza kushikwa na watu wawili pasipo kumwumiza yeyote.

Ukurasa wa tatu ni barua ya madai. Kama mwalimu hajalipwa posho yake ya kujikimu, kama nyumba aliyopewa inavuja, kama amestahili kupandishwa daraja na hakupandishwa, hayo si mambo ya shairi. Ni mambo ya barua yenye tarehe, yenye kichwa cha habari, iliyopitishwa kwa mwalimu mkuu kwenda kwa mkurugenzi, na nakala yake ikahifadhiwa. Ni mambo pia ya kupelekwa kwa mwakilishi wa Chama cha Walimu. Barua hiyo haihitaji machozi, yahitaji ushahidi.

Twasisitiza ukurasa huu wa tatu kwa sababu hapa ndipo penye hatari kubwa. Kiongozi asiyetaka kushughulikia madai aweza kuipenda sana warsha ya uandishi. Aweza kusema, "Walimu wangu wana manung'uniko, waleteeni mtaalamu awafundishe kuandika hisia zao, watatulia." Baraza la namna hiyo twalipinga. Mwalimu anayelala chini ya paa linalovuja haumwi moyo kwa kukosa ufundi wa kueleza hisia. Atengenezewe paa kwanza, kisha akipenda aje aandike habari za mvua.

Lakini hatari ya upande wa pili nayo ipo. Yupo mwalimu ambaye amelipwa, ana nyumba njema, na bado kila jioni huona kifua kizito, kwa kuwa mtoto mmoja hodari ameacha shule naye hakuweza kumzuia. Huyo hana ofisi ya kuandikia madai. Kumwambia aandike barua kwa mkurugenzi ni kumdhihaki. Anachohitaji ni ukurasa wa kwanza, na pengine wa pili.

Namna ya kuliendesha baraza

Baraza la kalamu halihitaji fedha wala mgeni kutoka mjini. Lahitaji watu 5 hadi 8, daftari la bei ndogo kwa kila mmoja, kivuli cha mwembe au darasa lililofungwa baada ya masomo, na saa moja mara mbili kwa mwezi. Shule ikiwa na walimu wachache, shule mbili za jirani zaweza kuungana. Anayeongoza awe zamu kwa zamu, naye aandike kama wengine. Asikae pembeni akiangalia.

Dakika 15 za kwanza ziwe za kuandika kimya kimya juu ya jambo dogo lenye umbo. Asiyezoea kutunga akiambiwa "eleza huzuni yako" hukwama. Akiambiwa "eleza njia unayopita kwenda shuleni" huanza mara moja, na huzuni, kama ipo, itajitokeza yenyewe njiani. Mada nyingine zilizotufaa ni hizi: ufunguo wa nyumba ya kwanza niliyopewa kazini, sauti ninazozisikia usiku, barua kwa mwalimu aliyenifundisha kusoma, hata kama hatatumiwa, na siku niliyomkemea mtoto, ikielezwa na mtoto mwenyewe. Hiyo ya mwisho ni ngumu, wala isiwe ya siku ya kwanza. Lakini mwalimu akiiandika kwa ukweli, kesho yake huingia darasani akiwa na macho mengine.

Kisha mwenye kupenda asome. Asiyependa aseme "napita," na asiulizwe sababu. Wasikilizaji waanze kwa kusema walichokisikia: neno gani limewakaa, picha gani wameiona. Wasisahihishe tahajia. Wasitoe ushauri wasioombwa. Wasisimulie lao lililo kubwa zaidi, maana upo ugonjwa wa kuijibu kila hadithi ya msiba kwa msiba mkubwa kuliko huo. Simu zizimwe, wala ukurasa wa mtu usipigwe picha. Neno lililosemwa chini ya mwembe likitiwa katika vikundi vya simu litafika wilayani kabla ya jioni, na baraza litakuwa limekufa.

Mkaguzi asiombe kuyaona maandishi hayo. Mwalimu mkuu akitaka kushiriki, aje na daftari lake, aandike, akae katika duara kama wenziwe. Lakini atakachokisikia kisiingie katika faili la mtu. Kwa sababu hiyo hiyo hatupendekezi baraza liingizwe ndani ya vikao vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Vikao hivyo vina kazi yake njema ya kuboresha ufundishaji, navyo vina mahudhurio na taarifa. Baraza liwe la hiari kabisa, nalo lisiwe na taarifa.

Kuna mpaka mmoja zaidi. Ikiwa maandishi ya mwenzetu yaonyesha kwamba yumo hatarini, kwamba anapigwa nyumbani au anafikiri kuuondoa uhai wake, hapo kazi ya baraza imekwisha na kazi ya ujirani imeanza. Tusijifanye matabibu. Tuzungumze naye faraghani, tusimwache peke yake, tumsindikize mpaka zahanati au kituo cha afya, na kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Na ikiwa maandishi yafichua kwamba mtoto anadhuriwa, usiri wa baraza hauwezi kuwa ngao ya kumficha mdhuru. Mtoto lazima alindwe kwanza.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya wakati. Mwalimu ana madaftari ya kusahihisha, ana shamba, ana watoto wake. Ni kweli. Nasi hatusemi aongezewe mzigo. Ndiyo maana twasisitiza hiari. Ila twaomba jambo moja: asiyetaka kuja asiwacheke wanaokuja.

Pingamizi ya pili ni ya haya. Wengi wetu tumelelewa kwamba mtu mzima hatoi ya moyoni mbele ya watu, na mwalimu hasa yapasa awe imara. Twaiheshimu haya hiyo. Lakini wahenga hao hao waliotufunza stara walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Wenyeji wa sehemu hizi wenyewe hawakumwacha kijana avuke daraja kubwa la maisha akiwa peke yake. Walimtenga kwa muda pamoja na wenziwe, wakampa wa kumwongoza, wakamfunza maneno ya siri na maneno ya hadharani, na tofauti yake. Kwa hiyo stara na kusema havikuwa maadui kamwe. Jambo lilikuwa ni kujua kipi husemwa wapi, na mbele ya nani. Kurasa zetu tatu hazina maana nyingine.

Juu ya lugha, tusiwe wakali. Kiswahili ndicho lugha yetu ya kazi, nacho kina uwezo wa kubeba kila jambo. Walakini mtu huota kwa lugha aliyonyonyea. Mwalimu akitaka kuandika ukurasa wake wa kwanza kwa Kimwera, kwa Kimakonde, kwa Kisukuma au kwa Kihaya, aandike. Akija barazani atatueleza kwa Kiswahili, na mara nyingi ni katika kutafuta neno la kutuelezea ndipo yeye mwenyewe hutambua alichokuwa nacho moyoni.

Kutoka barazani hadi darasani

Msomaji aweza kuuliza makala haya yana uhusiano gani na jarida la mbinu za kufundishia. Uhusiano ni wa karibu. Mwalimu aliyewahi kutetemeka akisoma ukurasa wake mbele ya wenziwe watano hatampokonya mtoto wa darasa la tatu daftari na kulisoma kwa sauti ya kejeli. Mwalimu aliyeandika habari za njia ya kwenda shuleni hatatoa tena mada ya "Siku niliyopanda ndege" kwa watoto ambao hawajaipanda. Atawaambia waandike habari za usiku katika dungu, za kuokota korosho, za bibi anayepepeta ufuta. Atasoma kwanza yale mtoto anayoyasema, amjibu kama mtu anavyomjibu mtu, na baada ya hapo ndipo atakaposhughulikia "r" na "l". Tahajia haitapotea. Itafundishwa, tena itapokelewa vizuri zaidi, kwa sababu mtoto atakuwa na jambo analotaka lieleweke.

Ndugu wanachuo, hatuwaombi mngoje mpaka mwajiriwe. Mwende mazoezini mkiwa na madaftari mawili: moja la maandalio, ambalo tutalikagua kwa ukali unaostahili, na jingine dogo, ambalo hatutaliomba. Mwafahamu wenzenu watatu au wanne waliopangiwa shule za jirani. Kubalianeni siku na mahali pa kukutana. Mkirejea chuoni, mtuambie kama saa hiyo moja iliwafaa au haikuwafaa, maana rai yetu yahitaji kupimwa na ninyi.

Na yule mwanachuo wa Mandawa, ambaye sasa ni mwalimu, ikiwa jarida hili litamfikia huko aliko, twamwomba radhi. Swali lake lilikuwa zuri, nasi hatukulijibu. Alitaka kujua mwalimu analinda nini usiku ule, na hilo lingetufaa sana kulizungumza pamoja naye kabla ya kuitoa kalamu mfukoni.